Kuzama si Kuogelea: Uhakiki wa Mpango Mmoja wa Kambi ya Kiingereza kwa Watoto

1. Utangulizi

Kwa desturi kurasa hizi huhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki andiko la aina nyingine: mpango wa kambi ya likizo ya kuwafundisha watoto Kiingereza, ulioandikwa na kikundi cha wazazi na walimu wa mjini Lubumbashi na kuletwa kwetu ili tutoe maoni. Hatutawataja waandishi wake, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Tumeona vyema kuwajibu hadharani kwa sababu andiko lolote linaloamua ni lugha ipi mtoto aseme na ni ipi ainyamazie linastahili kusomwa kwa uangalifu ule ule tunaoutumia katika kusoma riwaya.

Haja waliyo nayo wazazi hawa ni ya kweli. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90, na ng'ambo ya mpaka huo, nchini Zambia, Kiingereza ndicho lugha rasmi. Malori ya shaba na kobalti hupita hapo yakielekea bandari za Afrika ya Kusini na Tanzania. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza kilitangulia kuwa lugha rasmi. Shuleni, kwa upande mwingine, mwanafunzi wetu hukutana na Kiingereza katika masomo ya sekondari, aghalabu kama maandishi ya ubaoni ya kunakili, naye huweza kumaliza masomo bila kuwahi kuagiza hata maji ya kunywa kwa lugha hiyo. Mzazi anayetafuta njia nyingine hastahili kubezwa. Swali letu si kama watoto wajifunze Kiingereza, bali ni kwa gharama gani, na gharama hiyo ilipwe na nani.

2. Mpango wenyewe

Mpango una kurasa 12 na vifungu tisa, nao umeandikwa kwa Kifaransa. Unakusudia kuwakusanya watoto 60 wenye umri wa miaka 8 hadi 12 katika bweni la shule nje ya mji, kwa siku 14 za likizo kubwa. Kila watoto sita watakuwa na kiongozi wao. Asubuhi ni michezo na nyimbo, mchana ni kazi za mikono, jikoni na bustanini, na jioni ni gazeti la ukutani na maigizo.

Tuanze na sifa zake, maana ni nyingi. Kwanza, waandishi wamefahamu kwamba lugha hudai muda. Mtoto akikaa katika Kiingereza masaa kumi kwa siku, siku 14 zitampa masaa 140. Shule inayofundisha lugha hiyo masaa matatu kwa wiki itahitaji zaidi ya wiki 46 ili kuyafikia. Pili, wamefahamu kwamba mtoto hajifunzi lugha kwa kuelezwa habari zake, bali kwa kufanya kitu kwayo. Anayechambua sombe pamoja na mwenzake huku akiomba kisu, sinia na chumvi kwa Kiingereza, atayakumbuka maneno hayo kuliko aliyeyanakili. Tatu, kikundi cha watoto sita ni kidogo kiasi kwamba hakuna awezaye kujificha nyuma ya mgongo wa mwingine.

Ubaya wa mpango umo katika vifungu viwili. Kifungu cha tatu kinasema kila mtoto atapewa jina la Kiingereza langoni, na atawaita viongozi kwa majina yao matupu. Kifungu cha nne kinapiga marufuku Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine zote za nyumbani, mchana na usiku. Atakayekiuka atavaa kibao shingoni mpaka atakapomnasa mwenzake naye akisema lugha iliyokatazwa, ndipo atamvisha yeye.

3. Methali na vitenzi

Juu ya ukurasa wa kwanza, kama pambo, waandishi wameweka methali ya Kiswahili: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa maoni yao, mtoto akishaingia kambini asitazame nyuma. Basi msomaji anaona ajabu ya kwanza: Kiswahili ndicho kilichochaguliwa kuwashawishi wazazi, na kurasa tatu baadaye Kiswahili hicho hicho ni kosa linaloadhibiwa.

Ajabu ya pili imo katika methali yenyewe. Inamzungumzia mtu aliyevua nguo kwa mikono yake na kwa hiari yake. Nguo hizo ameziweka ukingoni, naye akitoka majini atazikuta. Tena methali inataja nguo, haitaji ngozi. Kwa mtoto wa Lubumbashi Kiswahili si vazi la kuvuliwa langoni. Ni ngozi, na kwa ngozi hiyo ndiyo anahisi kwamba maji ni ya baridi au ya moto, ya kina kirefu au kifupi. Neno geni hulipimia hapo.

Mbinu inayofuatwa mpango unaiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kutia kitu majini hata kifunikwe. Lugha yetu haina neno moja kwa jambo hilo, na kukosa huko kuna faida, maana kunatulazimisha kuchagua. Kuchovya ni kutia na kutoa upesi, kama tonge la bukari katika mchuzi. Kutosa ni kutupa majini bila kujali litakalofuata. Kuzamisha ni kukipeleka kitu chini. Kuogelea ni tendo la aliye majini mwenyewe. Katika matatu ya kwanza kuna mtendaji na kuna kitendwa. Katika la nne mtoto ndiye mtendaji.

Tulivipitia vitenzi vya mpango kwa jicho hilo. Mtoto atapokewa, atapewa jina, atagawiwa kundi, atafundishwa, atasahihishwa, ataonywa, ataadhibiwa. Vitenzi ambamo yeye mwenyewe anatenda ni vichache mno: atacheza, ataimba, atapika na atavaa kibao. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto atauliza, atakataa, atasimulia au atachagua. Huu ndio msamiati wa kuzamisha. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na anayetazama kutoka ukingoni huweza kudhani kutapatapa huko ni kuogelea.

4. Mbinu ilikotoka

Waandishi wanataja Kanada, Marekani na Korea ya Kusini kama mashahidi wao. Tuwasikilize mashahidi hao mmoja mmoja.

Huko Saint-Lambert, karibu na Montréal, mwaka 1965, baadhi ya wazazi wenye kusema Kiingereza walifanikiwa kuanzishiwa darasa la chekechea ambamo watoto wao walifundishwa kwa Kifaransa. Wallace Lambert na Richard Tucker, wa Chuo Kikuu cha McGill, waliwafuatilia watoto hao na kutoa kitabu chao mwaka 1972. Matokeo yaliusisimua ulimwengu wa walimu: watoto walikifahamu Kifaransa vizuri sana bila kupoteza Kiingereza chao. Hata hivyo, wanaolitaja jaribio hilo husahau mazingira yake. Lugha ya watoto ilikuwa lugha yenye nguvu, ambayo hakuna mtu aliyeidharau mtaani wala kazini. Mwanzoni waliruhusiwa kusema kwa Kiingereza, na mwalimu aliwaelewa ijapokuwa aliwajibu kwa Kifaransa. Baadaye Kiingereza kiliingia darasani kama somo. Saint-Lambert, kwa ufupi, haikuwa na kibao.

Aidha, hata pale Kanada maji peke yake hayakutosha. Mwaka 1985 Merrill Swain, akiwatazama wanafunzi wa madarasa ya namna hiyo, alieleza kwamba miaka mingi ya kusikia haikuwafanya waseme na kuandika kama wenye lugha, kwa sababu hawakupewa nafasi za kutosha za kujieleza wenyewe. Naye Lambert alitofautisha uwililugha wa kuongeza na uwililugha wa kupunguza: katika ule wa kwanza mtoto huongeza lugha ya pili juu ya aliyo nayo, katika ule mwingine lugha mpya hukalia kiti cha ile ya zamani. Mpango wetu unaahidi ule wa kwanza na kutumia vyombo vya ule wa pili.

Shahidi wa pili ni Chuo cha Concordia, katika jimbo la Minnesota, kilichoanzisha kambi za lugha mwaka 1961, kwanza kwa Kijerumani. Huko mtoto hupewa pasipoti ya kuchezea, hubadilisha fedha, hula vyakula vya nchi ya lugha anayojifunza na hujipa jina jipya. Yote hayo ni mchezo, na kila mmoja anajua ni mchezo, kwa sababu nje ya uzio Kiingereza chake kinamngoja kikiwa na heshima zake zote. Jina jipya kwa mtoto wa Minnesota ni kofia ya siku chache. Hapa kwetu jina lina historia nyingine. Babu za watoto hawa wanaukumbuka mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipoachwa kwa amri ya serikali. Anayewabadilishia watoto wetu majina langoni, hata kwa mzaha, hana budi kujua anagusa kidonda gani.

Shahidi wa tatu ni vijiji vya Kiingereza vya Korea ya Kusini, kama kile cha Ansan kilichofunguliwa mwaka 2004 na kile cha Paju kilichofuata mwaka 2006. Ilijengwa mitaa mizima ya kuigiza: ofisi ya uhamiaji, benki, maduka. Baadhi ya vijiji hivyo vilipata hasara na kubadilishiwa kazi. Funzo lake ni kwamba mandhari ya gharama hayazai mazungumzo. Mpango wetu nao umetenga sehemu kubwa ya fedha zake kwa kiwanja cha ndege cha mbao na turubai langoni. Lakini mtoto wa Lubumbashi ana Kasumbalesa! Amemsikia mjomba akisimulia foleni ya malori, forodha, wabadilisha fedha, dereva aliyetoka Ndola na mama auzaye samaki. Meza mbili na karatasi chache zinatosha kuuigiza mpaka huo, na maneno atakayojifunza hapo atayatumia.

5. Kambi tulizozijua

Ajabu ni kwamba mpango unatafuta mashahidi ng'ambo ya bahari, hali neno kambi lenyewe lina historia ndefu katika mji wetu. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilipoanza kuwapa mikataba mirefu na kuwaweka pamoja na wake zao, watoto walizaliwa na kukua kambini. Watoto hao walikua wakisema Kiswahili, ambacho kwa wazazi wengi hakikuwa lugha ya kuzaliwa nayo.

Tusiipambe historia hiyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi serikali, kampuni na misheni zilivyokuwa na mkono katika kukiimarisha Kiswahili Katanga. Lakini bombani na uwanjani watoto walijifunza kwa sababu nyepesi zaidi: palikuwa na wenzao wa kucheza nao, na pasipo Kiswahili mchezo haukuenda. Ndani ya nyumba bibi alisema Kiluba au Kibemba, na hakuna aliyemvisha kibao. Lugha hizo hazikukizuia Kiswahili. Zilikilisha, na hata leo Kiswahili cha Lubumbashi kina alama zake. Huu ni ushahidi wa karibu kuliko ule wa Korea, nao unasema kwamba lugha huingia pale inapopewa kazi. Kuifukuza lugha nyingine si sharti.

6. Kibao

Kibao hakikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Katika karne ya 19 watoto wa Wales walivishwa ubao kwa kusema Kiwelisi shuleni, na watoto wa Bretagne walipewa kitu cha aibu kwa kusema Kibretoni katika shule za Kifaransa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa fikra, amesimulia jinsi alama ya namna hiyo ilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto katika shule za Kenya ya kikoloni. Waandishi wa mpango wetu hawakuisoma historia hiyo kama onyo. Wameirithi kama mbinu.

Tukiitazama kama mbinu tu, inafundisha nini? Haifundishi hata neno moja la Kiingereza. Aliyevaa kibao hatafuti la kusema, anatafuta wa kumnasa. Asiye nacho anafunga mdomo. Kambi iliyokusudiwa kuwafanya watoto 60 waseme inawapa wote sababu nzuri ya kunyamaza.

Mwandishi wa makala haya hasemi hayo kwa kubahatisha. Miaka kadhaa iliyopita alialikwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa kambi kama hii, ambayo haina haja ya kutajwa. Siku ya tano, msichana wa miaka tisa alikaa kimya tangu chakula cha jioni. Sisi wasimamizi tulimsifu kwa utulivu wake. Usiku wa manane kiongozi wa zamu alimgusa akakuta mwili unawaka moto. Alipoulizwa kwa Kiingereza kwa nini hakusema, alitutazama tu. Alipoulizwa kwa Kiswahili alijibu: «Sikujua vile wanasemaka kichwa inauma. Na kibao nimetoka kuvua jana.» Ilikuwa malaria. Alipelekwa hospitali akapona. Lakini sheria ile ya kibao nami niliitia sahihi, na tangu usiku huo sijaweza kuusoma mpango wowote wa namna hii bila kukitafuta kwanza kifungu hicho.

7. Yanayofaa kurekebishwa

Uhakiki usiojenga ni nusu ya kazi. Mpango huu unaweza kuokolewa, tena bila kuongeza fedha.

La kwanza ni kwamba Kiswahili kitangazwe langoni kuwa lugha ya usalama. Maradhi, hofu, ugomvi na hamu ya nyumbani visemwe kwa lugha yoyote, saa yoyote. Pamoja na hayo, siku mbili za mwanzo watoto wafundishwe kwa vitendo maneno machache ya lazima ya Kiingereza: naumwa, sielewi, sema tena, nipishe, zamu yangu, sitaki. Huyo asiyejua kukataa kwa lugha fulani hajaanza kuisema.

La pili ni ukimya. Kuna ukimya wa hofu na kuna ukimya wa kusikiliza. Ule wa pili upewe nafasi. James Asher alijenga mbinu nzima juu ya mtoto anayejibu kwa mwili kabla ya kujibu kwa mdomo: simama, funga mlango, lete ndoo. Vilevile Stephen Krashen ametukumbusha kwamba wasiwasi huziba njia ambayo lugha ingepitia. Kwa hiyo kosa lisikatizwe kila linapotokea. Kiongozi alirudie neno kwa usahihi katika jibu lake, na mchezo uendelee.

La tatu ni heshima. Katika mji wetu mtoto hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu. Humwita yaya, awe wa kiume au wa kike. Ukimlazimisha aseme jina tupu, hatasema lolote. Atamvuta nguo au atamngoja ageuke. Basi neno yaya libaki katikati ya sentensi ya Kiingereza. Kiingereza kimekwisha kumeza maneno ya watu wengi, na hili halitakinyonga. Na jina jipya liwe hiari ya mtoto.

La nne, lililo kubwa kuliko yote, ni hadithi. Kila jioni nusu saa iwe ya Kiswahili. Mtoto asimulie aliyoyaona siku hiyo au hadithi aliyoipata nyumbani, kwa mfano ya Kalulu, sungura mjanja wa upande wetu. Kesho yake kundi lake liitafute hadithi hiyo kwa Kiingereza: Kalulu alisema nini, Fisi alijibu nini, kisima kinaitwaje. Siku ya mwisho iigizwe mbele ya wazazi kwa lugha zote mbili. Hapo maneno mapya yatazaliwa na haja ya mtoto kusema jambo lake, na bibi aliyekuja kutazama hatakaa kama mgeni katika sherehe ya mjukuu wake.

Yaliyosalia ni mepesi. Fedha za kiwanja cha ndege zinunue mablanketi, maana Julai bweni la Lubumbashi lina baridi kali usiku. Na baada ya kambi pawe na mkutano wa kila Jumamosi, la sivyo masaa 140 yatakauka kabla ya mvua za kwanza.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpango huu una mwili mzuri na kifungu kimoja kinachoutia sumu. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika shule zetu. Litakuwa jambo la kusikitisha kambi ya likizo ikizifukuza hata mchezoni, tena kwa mkono wa wazazi wanaozisema. Anayejifunza Kiingereza akiwa na Kiswahili mkononi anaongeza. Anayenyang'anywa kimoja ili apewe kingine amebadilishana tu, tena bila kuulizwa bei.

Tumewarudishia waandishi mpango wao. Kifungu cha nne tumekifuta kwa kalamu, na pembeni yake tumeandika sentensi ambayo kila mtoto afundishwe kabla ya nyingine zote, na ambayo awe huru kuisema kwa lugha yoyote itakayomtoka: kichwa kinaniuma.